Kabla ya Kuzungumza na Mshauri kwa Simu

Tangu vita vilipoingia Masisi-Centre mwezi wa kwanza 2025, na Walikale mwezi wa tatu, wengi hawapati usingizi. Mlango ukigongwa, moyo unashtuka. Huu si wazimu, wala si kukosa imani. Ni jeraha, nalo hutibiwa kwa mazungumzo.

Siku hizi mshauri aliye Goma au hata Ulaya aweza kukusikiliza kwa simu. Lakini kabla ya kumlipa, umwulize: Ulisomea wapi kazi hii? Ni franga ngapi kila mara? Mega zikiisha katikati ya maneno, tutaendeleaje? Afadhali mtu anayejua Kiswahili chetu kuliko mwenye diploma nyingi usiyemwelewa. Usimwambie siri zako mahali jirani wanasikia. Tena simu ya kuazima hubaki na maandishi yako, uyafute.

Lakini aliyenajisiwa kwa nguvu, mwanamke au mwanaume, asingojee simu. Aende hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, maana baadaye dawa ya kuzuia UKIMWI haifai tena. Na mwenye mawazo ya kujiua msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwa mwuguzi.