Vijidudu Vilivyomlinda Askari wa Mwaka 1917

Kila askari aliyewahi kuishi kambini anajua kwamba adui wa tumbo hangoji baragumu. Maji machafu yakinywewa, au choo kikichimbwa karibu na jiko, kombania nzima yaweza kulala chini kwa kuhara damu kabla ya risasi moja kufyatuliwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa majeshi na polisi habari za askari mmoja aliyenusurika.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Ujerumani waliokuwa Dobruja, nchi iliyo baina ya mto Danube na Bahari Nyeusi, walisumbuliwa mno na ugonjwa huo unaoletwa na bakteria waitwao Shigela. Mmoja wao hakuugua. Mwaka 1917 Dakta Alfred Nissle wa mji wa Freiburg alichunguza kinyesi chake. Kazi hiyo si ya kupendeza, lakini elimu ilikuwa imejificha humo! Alipata bakteria wa aina ya koli, jamii iliyogunduliwa na Theodor Escherich mwaka 1885. Wengi huisikia jamii hiyo kwa ubaya tu. Kumbe baadhi yao huzuia vijidudu vya maradhi visistawi, jambo ambalo Nissle alikuwa amekwisha kuliona katika maabara. Akawaotesha bakteria wa askari yule na kuwatia katika vidonge. Dawa hiyo, Mutaflor, ingali inatumika Ujerumani.

Ulinzi wenyewe ni wa namna nyingi. Bakteria hao hugombea madini ya chuma ambayo adui huyahitaji ili aongezeke. Katika majaribio ya panya, Salmonela walipungua kwa sababu hiyo. Tena hukaza maungio ya seli za ukuta wa utumbo, hata wavamizi wasipenye kwa urahisi.

Lakini si kila damu chooni ni ya kuambukizwa. Uko uvimbe wa kudumu wa utumbo mpana, ambamo kinga ya mwili hushambulia utumbo wake yenyewe, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2004, wagonjwa 327 waliokwisha kupata nafuu walifuatwa kwa mwaka mmoja. Bakteria wa Nissle waliwazuia wasirudiwe na ugonjwa karibu sawa na mesalazini, dawa ya kawaida ya maradhi hayo. Hata hivyo, bakteria hao wana uwezo wa kutengeneza kitu kiitwacho kolibaktini, ambacho huweza kudhuru chembe za urithi, na kwa hiyo tunaona wasichukuliwe kama peremende.

Wengine wenye manufaa hawahitaji kununuliwa. Wapo tayari tumboni, wakigeuza makapi ya nafaka na mboga kuwa asidi ya butiriki, chakula cha seli za utumbo mpana kinachotuliza uvimbe. Jikoni kambini wanalishwa kwa ugali wa dona, maharage, kunde na mchicha. Kinyume chake, antibiotiki zinazomezwa ovyo kwa kila tumbo linalouma huwaua pamoja na adui.

Anayehara damu aripoti kwa mganga wa kikosi siku hiyo hiyo, akinywa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa. Mganga ndiye atakayeamua kama antibiotiki zinahitajika.