Fahamu: Utajuaje kama seva ya hifadhidata ina mwenzake wa kuipokea?

Huduma za benki zikikwama nchi nzima, wakati mwingine chanzo ni seva moja ya hifadhidata iliyozimika bila nyingine ya kupokea kazi. Klasta hukinga hilo: seva mbili au zaidi hutumia hifadhi ya pamoja, na moja ikianguka nyingine hushika zamu.

Kwa SQL Server ya Microsoft, usikisie kwa jina. Klasta hujulikana kwa jina moja la pamoja, hata kazi ikihama mashine. Iulize seva yenyewe kwa kitendaji cha SERVERPROPERTY, ukitaja sifa ya IsClustered. Ikijibu 1, imo kwenye klasta; ikijibu 0, haimo. Kisha uliza ComputerNamePhysicalNetBIOS, upate mashine iliyobeba kazi saa hiyo. Usiku wa manane mambo yakiharibika, hilo ndilo jibu utakalolihitaji kwanza.

Lakini 0 haina maana kwamba hakuna kinga kabisa. Tangu toleo la 2012 upo mfumo wa makundi ya Always On (Availability Groups) ambamo kila seva hutunza nakala yake ya data. Huo huulizwa kwa IsHadrEnabled. Hata ukipata 1, hakikisha hifadhidata yako imeingizwa kundini, kwani mfumo unaweza kuwashwa bila kulinda chochote.