Je, wajua? Ndama wa Buha hukua nyasi zikiwa zimekauka

  Katika vilima vya Buha, huko Kibondo na Kasulu, ng'ombe mwenye mimba, hasa yule wa pembe ndefu wa jamii ya Ankole, ana kalenda ngumu.

Ng'ombe wa malishoni hushika mimba akiwa amenona. Mvua za Novemba zikishaotesha nyasi, kufika Januari mwili umejaa, naye hupandwa. Hesabu siku 283: atazaa Oktoba. Basi miezi mitatu ya mwisho huangukia Julai, Agosti na Septemba, kiangazi kitupu, na ndiyo miezi ambayo ndama hupata karibu theluthi mbili ya uzito atakaozaliwa nao. Kadiri anavyokua ndivyo anavyobana tumbo la chakula, hivyo mama hula kidogo wakati anahitaji kingi.

Nyasi za Agosti zipo, lakini protini yake ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vinavyosaga majani tumboni hudhoofika. Ng'ombe hushinda malishoni na kurudi na njaa, kisha huyeyusha misuli yake ili kumlisha ndama. Gharama huonekana baadaye. Ndama wa ng'ombe hapati kinga akiwa tumboni. Huipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ambayo mama huitengeneza wiki za mwisho na ambayo ndama lazima ainywe ndani ya saa chache. Mama aliyekonda huzaa ndama dhaifu, halafu hukawia kupata joto tena.

Kwa hiyo inauma kuona maganda na mashina ya maharage yakichomwa baada ya kupura. Yakaushwe juani, kisha yahifadhiwe mahali ambapo mvua haiyafikii, yawe chakula cha kiangazi. Marando ya viazi vitamu yana protini nzuri, na majani ya lukina zaidi, ila lukina isizidi theluthi ya chakula kwa sababu ina sumu yake. Anayekamuliwa aachwe akauke miezi miwili kabla ya kuzaa.

Halafu chumvi. Ile ya Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, humpa ng'ombe hasa sodiamu na kloraidi. Fosforasi haimo, na ng'ombe aliyeikosa utamjua: hutafuna mifupa anayookota malishoni. Huyo anahitaji jiwe la madini la kulamba, lenye fosforasi, kabla Septemba haijafika.