Kabla ya kununua betri nyingine, kagua waya

Gari likiwaka asubuhi, likagoma adhuhuri, kisha likawaka jioni bila kuguswa na fundi, wengi wetu hukimbilia dukani kununua betri. Lakini betri iliyochoka haiponi yenyewe. Ugonjwa unaokuja na kuondoka mara nyingi uko kwenye maungio: kibano kilicholegea, kichwa cha betri kilichoota ukungu mweupe, au waya wa hasi uliokatika nusu.

Huku Pwani tunajua kazi ya hewa ya chumvi kwenye chuma. Kule Gotu, kando ya mto Ewaso Ng'iro katika barabara ya Isiolo kwenda Merti, adui ni vumbi na mtikisiko. Barabara ina mikunjo kama mabati ya paa, na kila nati hutafuta njia ya kulegea.

Tulipopeleka futari huko, nilikutana na dereva wa Land Cruiser ya abiria. "Sheikh, hii ni betri ya pili mwaka huu," aliniambia, "na bado gari inanitoroka." Gari hilo ndilo hubeba wagonjwa na kina mama wajawazito hadi Isiolo usiku. Likigoma porini, hasara si ya pesa peke yake.

Nilimuuliza swali moja: likigoma, taa za mbele zinakuwaje? Akasema zinawaka vizuri, ila stata inalia "tak" tu. Jibu hilo lilitosha kunionyesha pa kuanzia. Tulichukua waya wa kujampu, ncha moja tukaifunga kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikazunguka mara moja. Tulipochungulia chini tukauona waya wa hasi unaounganisha injini na bodi umebaki nyuzi chache. Betri yake haikuwa na kosa.

Kwa nini taa ziwake na stata igome? Hesabu ni hii. Tuseme ungio bovu lina ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa mbili za mbele zinavuta kama ampea 10, kwa hivyo ungio linakula volti 0.2, na jicho halioni tofauti. Stata ikivuta ampea 150, ungio lile lile linakula volti 3. Betri ya volti 12.5 inaifikia stata ikiwa 9.5. Gari likitikisika waya ukakaa vizuri, ukinzani unashuka na mambo yanakuwa sawa. Ndiyo maana ukifika kwa fundi, gari linawaka kana kwamba ulikuwa unamsingizia.

Mita ya umeme ya bei ndogo itakuokoa. Pima hivi:

Kwanza, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0, karibu imekwisha.

Pili, injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, angalia mkanda na alteneta. Ikipita 15, betri inachemshwa.

Tatu, mwenzako akipiga stata, pima juu ya vichwa vyenyewe vya betri iliyochajiwa. Ikianguka chini ya 9.6, hapo betri ndiyo ya kushukiwa. Mtikisiko huweza pia kuvunja sahani za ndani, na betri ya namna hiyo nayo hukuchezea leo ndiyo kesho siyo.

Nne, stata ikiendelea kupigwa, pima kutoka kichwa cha hasi hadi chuma cha injini. Ikizidi nusu volti, njia ya hasi ni mbovu.

Ikiwa huna mita, washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikififia hadi karibu kuzima, shuku betri au vibano vyake. Zikibaki kali na stata imenyamaza, shuku waya wa injini au stata yenyewe.

Kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo ningependa iachwe: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima alteneta". Umeme hupanda ghafla na unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake ni kubwa kuliko betri.

Kusafisha si kazi ngumu. Zima gari, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Sugua vichwa na vibano kwa msasa mpaka ving'ae, kaza, paka grisi kwa juu, na hasi iwe ya mwisho kurudishwa. Sigara kaa nayo mbali, maana betri hutoa gesi inayolipuka. Hakikisha pia betri yenyewe imefungwa imara isirukeruke.

Mtume (SAW) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Watu wa Gotu wanamjua ngamia kuliko sisi. Kwa dereva, kamba ya ngamia ni ile nati ya kibano. Ikaze kabla ya safari, na waya wa kujampu usitoke garini.