SOMO LIFIKE LIKIWA ZIMA



Je, mwalimu akitaka kuwapelekea wanakisomo somo kwa simu, afanyeje?

Sisi tulipiga picha kurasa 6 za somo la kuhifadhi maharage. Tukazituma moja moja kwenye kundi la WhatsApp. Kwa wengine ukurasa wa 4 ulifika kabla ya wa 3. Mama mmoja akasoma kipimo cha dawa cha gunia, akadhani ni cha debe. Bahati njema, aliuliza kabla ya kuchanganya. Je, kama watoto wake wangeyala maharage yale? Kosa lilikuwa letu. Tulituma karatasi zilizotawanyika.

Lipo faili linaloitwa PDF. Tunatamka pidiefu. Ni kama daftari lililoshonwa. Kurasa zake hufuatana kama mwandishi alivyozipanga. Ukifungua simu hii au ile, utaona ukurasa ule ule. Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa mafaili ya namna hii mwaka 1993. Tangu mwaka 2008 yana kanuni ya kimataifa, ndiyo maana programu nyingi huyafungua.

Tunalitengenezaje?

1. Andika somo ulimalize. Lisahihishe, hasa vipimo.

2. Kama umeandika kwa simu au kompyuta, ingia sehemu ya kuchapa, uchague kuhifadhi kama PDF. Kama ni karatasi, tumia programu ya skana ya simu. Piga kurasa kwa mfuatano, penye mwanga wa kutosha. Kisha zihifadhi zote katika PDF moja.

3. Lipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano "Maharage somo la 2".

4. Angalia ukubwa wake. Hupimwa kwa MB. Faili la maandishi matupu huwa dogo. La picha nyingi huwa kubwa, nalo hula bando la mwanakisomo.

5. Lifungue mwenyewe, ulisome lote. Ndipo utume.

Likishapakuliwa hubaki ndani ya simu. Mtu analisoma shambani hata pasipo mtandao. Jirani asiye na bando hupokea kwa Bluetooth, simu kwa simu, bila malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao.

Lakini tusijidanganye. PDF hushika kurasa, haisahihishi makosa. Kipimo kikiandikwa vibaya, kitafika vibaya kwa watu wote. Na wapo wenzetu wenye simu ndogo za kupigia tu, ambazo hazifungui faili hili. Basi mwenye simu kubwa amsomee asiye nayo, au tuchape nakala tuibandike darasani.

Mama yule sasa ndiye anayetukumbusha: "Mwalimu, umezishona kurasa?" Nasi hatutumi mpaka tumezishona.