Jiwe kwenye mrija wa mkojo: linavyotolewa bila kupasua tumbo

Kila figo ina mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimeta 25 hadi 30 hivi. Jiwe likitoka kwenye figo na kukwama humo, maumivu makali huanzia ubavuni na kushuka hadi kwenye kinena. Mgonjwa anaweza kutapika au kukojoa damu. Wengi hudhani ni ngiri na kuanza kunywa dawa za mizizi, huku figo ikiendelea kuvimba. Mrija unaweza pia kubanwa na kovu, na kichocho cha mkojo cha muda mrefu ni sababu mojawapo.

Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe. Likikataa, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anaweza kulifuata kwa kifaa chembamba chenye kamera. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ganzi ya mgongoni. Kifaa hupitishwa kwenye njia ya mkojo, kikavuka kibofu na kupanda kwenye mrija. Hakuna mshono. Daktari akiliona jiwe kwenye skrini hulivunja kwa leza na kutoa vipande. Akikuta pamebana anaweza kupapanua, na akiona uvimbe huchukua kinyama cha kupima.

Mara nyingi huachwa mpira mwembamba ndani ya mrija, unaoitwa stenti, ili mkojo upite wakati kidonda kinapona. Hapa ndipo tunaomba msikilizaji awe makini. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, na wengine hupewa rufaa ya Dodoma au Dar es Salaam. Mtu akirudi nyumbani bila maumivu, ni rahisi kuona nauli ya kurudi ni hasara. Lakini stenti iliyosahaulika hujijenga mawe, huziba, na inaweza kuua figo. Kabla ya kuondoka hospitali, uliza: nimewekewa stenti? Itatolewa tarehe ngapi, na wapi? Iandike kwenye simu, umwambie na mtu wa nyumbani.

Ukiwa na maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.