Jiwe la mtaji wa mwezi mzima

Mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka kila juma alinijia nyumbani akiwa na jiwe jeusi ndani ya mfuko wa sukari.

"Mwalimu, wewe umesoma Tanzania. Hiki ni kimondo, au nimeliwa?"

Alikuwa ametoa mtaji wa mwezi mzima. Muuzaji alimwambia limetoka Mbozi, na kwamba wazungu wanayatafuta madini adimu yaliyomo.

Madini adimu ndani ya vimondo yapo kweli. Mwaka 1951, karibu na mji wa Wedderburn huko Victoria, Australia, kiliokotwa kimondo cha chuma chenye uzito wa gramu 210, kitu cha kutosha kiganjani. Watafiti wakawa wanakikata kidogo kidogo, hata jumba la makumbusho likabakiwa na gramu 71. Mwaka 2019 Chi Ma na Alan Rubin, watafiti wa California, wakatangaza kwamba wamekuta humo edskotaiti. Ni kabaidi ya chuma, yaani chuma kilichoshikana na kaboni: atomi tano za chuma kwa mbili za kaboni. Jina limetokana na Edward Scott, mtafiti wa vimondo wa Hawaii.

Wataalamu wa chuma cha pua waliijua zamani, maana hutokea tanuruni. Ila kinachotengenezwa na binadamu hakiitwi madini mpaka kikutwe kimejitengeneza chenyewe. Na chembe zake ni ndogo mno, huonekana kwa darubini tu. Anayesema ameyaona kwa macho, tena pale sokoni, mwogope.

Tulileta sumaku, ikashika. Rafiki yangu akatabasamu. Nikamwambia asubiri, kwa sababu hata mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuru, yanaweza kushika sumaku. Tukachukua tupa. Kimondo cha chuma ukikikwangua hung'aa kama fedha. Hili lilitoa unga wa kijivu, na ndani lilijaa vitundu vya mapovu. Yawezekana ni mabaki ya wahunzi wa zamani; wazee wetu wa Maziwa Makuu waliyeyusha chuma kabla wakoloni hawajafika.

Kimondo cha Mbozi chenyewe, sisi tuliokulia ukimbizini tulikisoma darasani. Kinakadiriwa kuwa na tani 16 hivi, na wanaosafiri kati ya Mbeya na Tunduma hupita njia panda ya kwenda huko. Kinalindwa na serikali ya Tanzania. Kwa hiyo, hata jiwe lake lingekuwa la kweli, rafiki yangu angekuwa amebeba mali ya wizi mpakani.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa. Jiwe aliliacha, nalitumia kufundishia somo la sumaku. Yeye amerudia biashara ya mchele, kwa mkopo wa shemeji yake.